Gari la shule ruti ya Buhongwa mpaka mjini Mwanza, nimelitumia mwaka na kitu, nawapa yote

Wazazi wenzangu wa Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na hapo katikati, watu wameshaniuliza sana kuhusu lile gari la shule analopanda binti yangu, kwa hiyo nimeona niandike mara moja yaishe. Ni refu kidogo, kama una haraka soma pale kwenye siti na pale kwenye picha, kwingine ruka.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Binti yangu ana miaka nane, darasa la tatu, shule iko mjini, na ana ualbino. Nalisema mapema maana mi gari la shule siliangalii kama mzazi mwingine. Wengine mtauliza lina redio, lina AC, linapita saa ngapi. Mi nauliza akishuka anashikwa mkono na nani. Huku Kanda ya Ziwa tunajua tumetoka wapi, sina haja ya kuwasimulia ile miaka ya 2007, 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wanauawa kwa imani za kishirikina, na aliyedhani yale yameshakuwa hadithi alikumbushwa Mei 2024, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alipochukuliwa kule Muleba, Kagera, na mwezi wa sita ukaja kupatikana mwili. Binti yangu ndo kwanza alikuwa darasa la kwanza. Zile wiki nilikuwa namfikisha mpaka mlangoni mwa darasa afu narudi kazini nimechelewa, bosi ananiangalia tu.

Kabla ya hapo alikuwa anaenda na boda. Boda mwenyewe kijana mzuri, jirani, anaheshimu, ila si mnajua, asubuhi anabeba watoto watatu mshikaki, mdogo kabisa kakaa mbele kwenye tenki, na sheria ya bodaboda hairuhusu hata kumpakia mtoto chini ya miaka tisa, sembuse watatu kwa mpigo. Afu jua. Mtoto mwenye ualbino kwenye boda saa nane mchana, kofia inapeperuka, losheni imeshaisha kazi maana ile inatakiwa kupakwa upya kila baada ya masaa kama mawili, akifika nyumbani shingo nyekundu kama imemwagiwa maji ya moto. Daladala nako usiniambie, konda hampendi mwanafunzi kwa sababu ya nauli yake, akimwona mwenye sare anaangalia pembeni kama hajaona mtu.

Tukajaribu gari la kwanza la shule, hilo jina nalihifadhi. Mwenye gari aliniangalia, akamwangalia mtoto, akaniangalia tena, akasema, "Mama huyu ntambeba, ila itabidi uongeze kidogo, ana risiki." Kidogo yenyewe ilikuwa mara mbili ya wenzie. Na mimi nikalipa! Miezi miwili. Leo nikikumbuka naona aibu lakini nililipa, niliona hiyo ndo bei ya kuwa na mtoto kama wangu. Kumbe hela ya risiki ilikuwa haimnunulii chochote, alikuwa anakaa siti ya nyuma kabisa upande wa jua, kofia yake pana wakiitupa chini kwa sababu eti inakula nafasi, na siku moja wakamshusha ng'ambo ya barabara, barabara kubwa hii ya kwenda Usagara inayopita malori, wakampungia, nyumba ni ileee, nenda. Mtoto haoni vizuri mbali. Nyumba ileee kwake ni ukungu. Alisimama palepale mpaka mama muuza mahindi alipomvusha. Siku ile ile nikamtoa.

Haya sasa, hili la sasa. Ni Hiace ya njano, siyo mpya, mlango unafunguka kwa kubembelezwa, kiti cha mbele kimeshonwa na uzi wa viatu. Ukiliona stendi utasema hamna kitu hapa. Bei 55,000 kwa mwezi kwa wa Buhongwa, wa Nyegezi wanalipa pungufu kidogo, na binti yangu analipa kama mtoto mwingine yeyote wa Buhongwa. Mi mwenyewe ndo nilimuuliza dereva, huongezi? Akaniuliza, niongeze nini? Nikanyamaza.

Kilichonifanya nikubali siyo gari, ni anti. Kila gari la shule lina anti siku hizi, wengine ni mabinti wa kufungua mlango tu na kushika simu, huyu ni mama wa makamo, alikuja nyumbani kwa miguu kabla mtoto hajaanza, akataka kuona geti, akataka kujua nyumbani mchana yupo nani. Afu akauliza swali ambalo hakuna mwalimu wala dereva aliyewahi kuniuliza, "Mama, anaona mpaka wapi?" Nikamwambia sura ya mtu akiwa hatua kama sita hivi ameshaanza kubahatisha. Akasema sawa, basi kumpungia mkono haina maana, ntakuwa namuita jina afu nasogea mpaka nimguse bega. Na ndivyo anavyofanya, mwaka na kitu sasa, sijamkuta hata siku moja amekaa ndani ya gari anampigia kelele ashuke.

Na kwa sababu haoni sura vizuri, akaleta jambo la neno la siri. Maana mtoto kama huyu mtu yeyote anaweza kusimama pale akajiita baba mdogo, yeye ataona shati la bluu tu. Kwa hiyo kama anayempokea siyo mimi wala bibi yake, lazima nipige simu kabla ya saa saba, na anayekuja ataje neno, neno linabadilishwa kila mwezi, na mtoto mwenyewe ndo anachagua. La sasa siwaambii. La mwezi uliopita lilikuwa furu, samaki wadogo wale, sijui alilitoa wapi. Sasa kuna siku nilibanwa, nikamtuma kaka yangu, simu nilipiga lakini neno nikasahau kumpa. Anti akakataa kumtoa mtoto. Kaka yangu ni mtu mkubwa, ana kitambi, ana duka Igoma, alisimama pale anafoka "Mimi ni mjomba wake wa damu!", na anti kamshikia mtoto mkono anamjibu taratibu, "Shikamoo mjomba. Neno?" Binti yangu anasema anko dereva alishazima gari kabisa, yaani wako tayari kulala pale. Kaka alinipigia simu kwa hasira sijapata kuona, nikampa neno huku nacheka na machozi yananitoka. Mpaka leo hapendi kuwasikia hao watu. Mi siku ile ndo niliacha kuwapigia simu kila mchana kuulizia.

Na ubora wake ni kwamba hiyo ya neno siyo ya binti yangu peke yake, ni ya watoto wote. Angeifanya kwa mmoja, huyo mmoja angekuwa kioja ndani ya gari, wenzie wangemuuliza we una nini mpaka unafichwa. Sasa hivi kila mtoto ana neno lake na wanajisifia nalo. Anti ana daftari la kaunta, kila mtoto akipanda anatiki, akishuka anaandika kampokea nani. Nimeshalifungua kimya kimya siku mbili tatu, halijarukwa mstari.

Siti. Hapa ntakaa kidogo. Mi nilianza kwa kosa, nilimwambia dereva abandike tinti kwenye vioo, hata nusu gharama ntatoa, jua lisimuunguze mtoto. Akakataa. Nikakasirika, nikaona haya sasa yameanza. Akaniambia, "Mama, gari la watoto aliye nje lazima aone cha ndani. Mi mwanaume niko humo na watoto wa watu, nikiweka giza nani atanitetea?" Sikuwa na jibu. Niliwaza jua tu, yeye kawaza kingine, na vyote viwili ni usalama wa mtoto huyu huyu mmoja. Aliyelimaliza ni anti. Akasema asubuhi tunatoka Buhongwa tunaenda mjini, jua linatokea kulia. Mchana tunarudi, jua limeshahamia ziwani, linatupiga kulia tena. Kwa hiyo akae kushoto, mstari wa pili, asubuhi na mchana, siti yake hiyo. Jamani mimi nimeishi Mwanza maisha yangu yote sijawahi kuliwaza hilo! Nikatoka nje kulihakiki kama mjinga, nimesimama kona ya Nyegezi naangalia jua. Ni kweli. Kushoto kuna kivuli kwenda na kurudi, ni bure, hakuna tinti wala pazia. Binti analalamika kitu kimoja tu, kwamba ziwa analiona asubuhi peke yake, mchana linakuwa upande wa wenzie.

Kofia pana ina msumari wake juu ya siti. Losheni anajipaka mwenyewe kabla ya kushuka, hii ya Kilisun inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC, na watoto wenzie walikuwa wanaililia na wao wapakwe, anti akawaambia hiyo ni dawa ya ngozi inayoungua, nyie yenu haiungui hivyo, mwachieni isimuishie. Walimuuliza pia mbona macho yake yanachezacheza, akawajibu yamezaliwa hivyo, yanatafuta mwanga wa kutulia, kuna mtu ana swali lingine? Hamna. Wakarudi kwenye habari za mpira. Mi ningeanza kuhutubia.

Lakini siyo kwamba mambo yote asali. Muhula wa kwanza kuna mvulana wa darasa la nne alimuita "dili". Kama hujui maana yake bora usijue, ni neno la kumuita mtu mwenye ualbino kama vile ni hela inayotembea, ni baya kuliko hata zeruzeru. Anti hakumchapa wala hakumshusha. Alimhamisha akae mbele karibu naye, jioni akapiga simu kwetu sote wawili, kwa mama wa mvulana na kwangu, na kila mmoja alimwambia kilekile, hakupunguza huku wala kuongeza kule. Kesho yake jioni yule mama akaja kwangu, kabeba sato wawili kwenye mfuko, kasimama getini hataki kukaa.

"Samahani sana mama. Mtoto hajui anachosema, neno kalipata kwa mjomba wake wanapokaa kwenye kahawa."

"Na mjomba wake anajua?"

Akakaa kimya. Afu akasema, "Huyo nimeshaongea naye. Tumeongea vibaya."

Nikapokea samaki. Bibi yake, mama yangu mimi, akamwambia "wabeja", yaani asante, kwa Kisukuma chake, na wakaanza kuulizana makwao, ikatokea ni watu wa Magu wote. Mvulana sasa hivi ndo anamshikia kofia. Sisemi wamekuwa marafiki wakubwa, wanagombana kila Jumatatu, ila wanagombania dirisha kama watoto.

Kitu kingine kidogo, ndani ya gari kuna karatasi ya 116, ile namba ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Magari mengi ninayoona wanaibandika juu kwa dereva huko kama mapambo. Hapa iko chini, usawa wa macho ya mtoto aliyekaa, maandishi makubwa, binti yangu anaisoma bila kusogeza pua. Na anti aliwaambia, hata mimi nikikukosea, hata anko, unapiga. Mtu mzima kuwaambia watoto hivyo mbele ya dereva anayemlipa mshahara, aisee.

Sasa lawama, maana mtasema nimelipwa.

Ijumaa wanachelewa. Kila Ijumaa. Dereva anaswali, sawa, hiyo hamna mtu anaikataa, sema atuambie rasmi kwamba Ijumaa ni saa tisa na nusu tupange, siyo kila wiki ananitumia sauti "niko Mkuyuni hapa mama" wakati nasikia kabisa adhana nyuma yake.

Mikanda. Siti kumi na nne, mikanda inayofunga ni tisa, nimehesabu. Ameahidi toka mwezi wa kwanza. Sifa moja ntampa, ni leveli siti kweli, sijaona mtoto kasimama wala kupakatwa, ila mkanda ni mkanda, na ile barabara kuanzia Mkolani mnaijua malori yanavyokimbia.

Wahudumu. Waraka wa elimu wa 2024 unataka basi la shule liwe na wahudumu wawili, wa kike na wa kiume. Hapa wa kike ni anti, nikamuuliza dereva wa kiume yuko wapi, akajishika kifua, "Kwani mama mi nani?" Nikamwambia wewe umeshika usukani, mtoto wa kiume akitaka kwenda chooni njiani utamwachia nani gari? Akacheka. Mi sikucheka. Hili bado tunabishana na nitaendelea kulisema kwenye kikao cha wazazi mpaka wanichoke.

Na ya picha, ambayo karibu initoe kwenye hilo gari moja kwa moja. Jumapili moja naangalia statasi za watu, naona ya dereva, picha ya binti yangu kachungulia dirishani na kofia yake, anacheka, kapendeza kweli, chini imeandikwa "Tunabeba watoto wote bila ubaguzi, nafasi zipo, piga simu". Nyuma inaonekana geti la shule na namba ya gari inasomeka. Nilihisi baridi. Nikampigia hapohapo.

"Kaka, toa hiyo picha."

"Mama mbona nzuri, nataka watu wajue sisi hatubagui..."

"Watu gani? Unawajua wote wanaoona statasi yako?"

Kimya.

"Umewaonyesha mtoto ni yupi, anasoma wapi na anapanda gari gani. Umebaki kusema saa tu."

Aliitoa ndani ya dakika moja, na nusu saa baadaye alikuja nyumbani na anti, na anti ndo alikuwa kanuna kuliko mimi. Kwa nia mbaya hakufanya, naamini, na hiyo ndo shida yenyewe, alimpenda mtoto akataka kumtangaza. Mtu wa kwanza alitaka hela mara mbili kwa sababu ya ngozi yake, wa pili alimtia kwenye tangazo kwa ngozi hiyo hiyo. Nikamwambia hivyo hivyo. Na nikamwambia nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, sura ya mtoto siyo kalenda ya dukani, ukitaka picha unamuuliza mzazi na unamuuliza mtoto mwenyewe pia. Toka siku hiyo ni marufuku kupiga picha watoto ndani ya gari, hata sisi wazazi kwenye grupu tunatuma picha za mabegi yaliyosahaulika tu. Binti yangu nilipomweleza alisema, kwani nilitoka vibaya? Ikabidi nianze upya kumweleza, na hilo lilikuwa gumu kuliko kumfokea dereva, maana unamwambiaje mtoto wa miaka nane kwamba alitoka vizuri sana na ndo maana.

Kwa hiyo mizani yangu iko hivi. Gari lenyewe, bovu bovu. Muda, siku nne za wiki mzuri. Bei ya haki. Dereva, mzuri anayehitaji kukumbushwa. Anti, sijui mtampata wapi mwingine, na akiondoka na mimi naondoka, nimeshamwambia dereva amwongeze mshahara kabla ya kununua redio anayoisema. Kuna mama mmoja Mkolani ana mtoto kiziwi, kaniuliza kama watamchukua. Nilimpeleka kwa anti, swali la kwanza likawa "Anatumia ishara zipi nyumbani?", na toka muhula huu wote humo ndani wanajua ishara ya "shuka", "subiri" na "mkanda", binti yangu ananifundisha na mimi jikoni.

Nafasi zimebaki mbili. Asubuhi wanaanzia stendi ya Buhongwa saa kumi na mbili na robo, nenda mwenyewe ukaangalie watoto wanavyopanda, usiniamini mimi. Namba ya simu siiweki hapa, wala namba ya gari, sababu mmeshaisoma huko juu. Ukiitaka njoo inbox, na usishangae nikikuuliza maswali kwanza.